Palembang, Mji Usio na Magofu

Wasafiri wengi wanaokwenda Indonesia huishia Bali, na wenye subira kidogo husogea hadi Yogyakarta kulitazama hekalu la Borobudur. Wachache wanaofika kisiwa cha Sumatra huelekea kaskazini, kwenye Ziwa Toba au kwenye misitu ya orangutani. Palembang hubaki pembeni, ijapokuwa ni makao makuu ya jimbo la Sumatra Kusini, una wakazi zaidi ya milioni 1.6, na safari yake kwa ndege kutoka Jakarta ni ya saa moja hivi. Mwenye nyumba ya wageni niliyofikia aliniuliza nimekuja kufanya kazi na kampuni gani. Nilipomjibu kwamba nimekuja kutembea tu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nina jamaa mjini.

Jamaa sikuwa nao, lakini sababu nilikuwa nayo. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake huko Sicily mwaka 1154, ameandika kwamba watu wa visiwa vya Zabaj walikuwa wakija katika nchi ya Zanj, yaani pwani yetu, kwa merikebu kubwa na ndogo, wakifanya biashara. Wataalamu wengi huihusisha Zabaj na dola ya Srivijaya, ambayo tangu karne ya 7 ilishika njia ya biashara ya Mlango wa Malaka, na ambayo kitovu chake kilikuwa hapa Palembang, kwenye kingo za mto Musi. Mtu aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, akafundishwa tangu utotoni habari za majahazi na kusi na kaskazi, akisoma maneno kama hayo huona kwamba wenzetu walikuja kututembelea zamani sana na sisi hatujawahi kuirudisha ziara hiyo.

Jambo la kwanza ambalo msafiri anapaswa kulijua ni kwamba dola hiyo kubwa haikuacha hapa mjini jengo la kupigia picha. Anayetoka Kilwa Kisiwani, mahali ambapo Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa bado vimesimama kwa mawe ya matumbawe, atatafuta kitu cha namna hiyo hapa na asikipate. Watu wa Srivijaya walijenga kwa mbao, mianzi na makuti, nyumba zao zikiwa juu ya nguzo au juu ya maboya yaliyofungwa kando ya mto, na joto, mafuriko na tope vimekula vyote. Hata yaliyokuja baadaye hayakunusurika yote: Waholanzi walipomshinda Sultani Mahmud Badaruddin II wa Palembang mwaka 1821 walimpeleka uhamishoni Ternate, kisiwa cha karafuu, wakaibomoa kasri na kujenga nyumba ya mwakilishi wao mahali pake. Nyumba hiyo leo ni makumbusho yenye jina la sultani yuleyule. Sura yake imewahi kuwekwa kwenye noti ya rupia 10,000, na uwanja wa ndege wa mji huu unaitwa kwa jina lake, kwa hiyo huenda yeye ndiye aliyecheka mwisho.

Kilichobaki cha Srivijaya ni maandishi. Katika bustani ya kumbukumbu iliyoko magharibi mwa mji niliona nakala za mawe yaliyochongwa, mawe yenyewe yakiwa yamehifadhiwa Jakarta. Jiwe la Kedukan Bukit, lililogunduliwa mwaka 1920 karibu na kijito kinachoingia Musi, lina tarehe ya mwaka 683 na linaeleza jinsi mtawala aitwaye Dapunta Hyang alivyopanda chombo na kuongoza jeshi la watu 20,000 hadi akapata ushindi. Hiyo ni habari ya vita kama zilivyo habari nyingi za wafalme, nami niliisoma nikapita. Lililonisimamisha ni jiwe la Talang Tuwo, la mwaka mmoja baadaye, ambamo mfalme anatangaza kwamba ameanzisha bustani, kisha anaitaja miti iliyopandwa, minazi, mipopoo, misago na mianzi ya aina mbalimbali, na kuomba kwamba kila kiumbe kinachopita, chenye njaa au kiu, kipate humo chakula na maji. Sijui ni mfalme gani mwingine wa karne hiyo aliyeona inafaa kuwaandikia wajukuu zetu orodha ya miti aliyoipanda. Mtawa wa Kichina Yijing, aliyefika mwaka 671 akiwa njiani kwenda India, alikaa hapa miezi sita akijifunza sarufi ya Kisanskriti, na baadaye aliandika kwamba mji ulikuwa na watawa zaidi ya elfu moja, akawashauri wenzake wanaokwenda India wapitie kwanza hapa wasome mwaka mmoja au miwili. Mwaka 1025 majeshi ya wafalme wa Chola yalivuka bahari kutoka kusini mwa India na kuushambulia mji, na baada ya hapo nguvu zake zilipungua polepole.

Mto wenyewe haujamaliza kutoa ulichomeza. Katika miaka ya karibuni wavuvi na wapiga mbizi wa hapa wamekuwa wakiibua kutoka kwenye tope la Musi pete za dhahabu, shanga, vyombo vya kaure na sanamu, na sehemu kubwa ya vitu hivyo huuzwa kimyakimya bila mwanahistoria yeyote kuviona. Inauma kuwaza hivyo, lakini sikuweza kumlaumu mtu anayezama kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, ambamo hata mkono wako mwenyewe huuoni, ili apate cha kulisha watoto.

Kwa hiyo mji huu husomwa kutoka majini. Musi hushuka kutoka milima ya Bukit Barisan, husafiri kilomita zipatazo 750, na huugawa mji pande mbili, Ilir kaskazini na Ulu kusini. Maji hupanda na kushuka kwa kufuata bahari, ijapokuwa bahari iko mbali. Mbele ya ngome ya Kuto Besak, iliyokamilishwa mwaka 1797 na ambayo mgeni huizunguka kwa nje tu kwa sababu iko mikononi mwa jeshi, husubiri mashua nyembamba za mbao ziitwazo ketek. Mapatano ya bei hufanywa kabla ya kupanda, nayo huchukua muda, kwa maana bei ya kwanza anayotajiwa mgeni ni ya kupimia akili yake. Nilipatana na mzee mmoja ambaye kila mtu pale gatini alimwita Mang, nami nikamwita hivyohivyo. Alinikalisha katikati, kisha akanisogeza kidogo kushoto kwa ishara ya kidole, akahamisha na begi langu, kwa sababu ketek huhisi hata uzito wa begi. Ukingo wa mashua ulikuwa kiganja kimoja juu ya maji. Kila lilipopita tishari la makaa ya mawe, likivutwa taratibu kuelekea baharini, Mang alipunguza moto, akaigeuza pua ya mashua ilikabili wimbi, akasubiri, kisha akaendelea bila neno.

Tulipita chini ya daraja la Ampera, ambalo ndilo alama ya mji, lenye minara miwili myekundu inayoonekana kutoka kila upande. Lilijengwa kati ya 1962 na 1965 kwa fedha za fidia ya vita kutoka Japani, na hapo mwanzo liliitwa kwa jina la Rais Sukarno, hadi siasa zilipobadilika na jina likabadilishwa. Sehemu yake ya kati ilitengenezwa ili inyanyuliwe kupisha meli ndefu. Tangu 1970 haijanyanyuliwa tena, kwa kuwa kila ilipopanda magari yalikwama pande zote mbili kwa muda mrefu. Kando yake sasa hupita treni ya mjini iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya Michezo ya Asia, ya kwanza ya aina yake nchini Indonesia, ambayo humtoa msafiri uwanja wa ndege na kumvusha mto kwa nauli ndogo.

Upande wa Ulu, katika mtaa wa 13 Ulu, nilishuka kwenye Kampung Al-Munawar, nami nakiri kwamba mahali hapo ndipo penye thamani kuliko pote nilipotembea mjini. Ni kitongoji cha watu wenye asili ya Hadhramaut, huko Yemen, ambao wazee wao walikuja na biashara na kuoa humuhumu. Nyumba zao kubwa za mbao ngumu zimeinuliwa juu ya nguzo na kuuzunguka uwanja mmoja ulio wazi kuelekea mtoni, kwa sababu zilipojengwa mgeni alikuja kwa maji, si kwa barabara. Mbao za sakafu zimelainishwa na nyayo za miaka mingi hadi zinang'aa bila rangi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani alinikaribisha, nasi tukazungumza kwa Kiarabu changu cha madrasa na Kiindonesia changu cha kitabuni.

“Umetoka wapi, mwanangu?”

“Afrika Mashariki, Habib. Pwani.”

“Huko kwenu wapo akina Jamalilaili?”

Nikamwambia wapo, tena Lamu ndiko kwao, na kwamba Habib Swaleh, aliyeuasisi Msikiti wa Riyadha, alikuwa wa ukoo huo. Nikaongeza kwamba Lamu husomwa Maulidi ya al-Habshi, yaliyotungwa Seiyun, mji wa Hadhramaut. Aliposikia hivyo aliita ndani, wakaja vijana wawili na chai, na mmoja wao akaanza kuyasoma mafungu ya kwanza kwa sauti ya chini, kwani hata wao huyasoma. Mahadhi yalikuwa mengine, matamshi yalikuwa ya Sumatra, lakini nilijua kila mahali ambapo wasikilizaji wanapaswa kuitikia, nami nikaitikia. Nilikuwa nimekuja kutafuta athari za merikebu za al-Idrisi, nikaipata njia nyingine, ya karne za karibu zaidi, iliyotoka katika bonde moja la Arabuni ikaenda pande mbili za bahari, moja kwetu na moja hapa, na ambayo haijakatika.

Chakula kinastahili maelezo yake. Pempek ni unga wa muhogo au wa sago uliokandwa na nyama ya samaki, ukachemshwa na mara nyingi ukakaangwa, na hapa huliwa asubuhi, mchana na usiku, hata na mtu aliyesimama kwenye foleni ya benki. Zamani samaki aliyependwa ni belida wa mto huuhuu, ambaye sanamu yake imesimamishwa ukingoni mwa maji. Sasa amekuwa adimu na analindwa na sheria, kwa hiyo wapishi wengi hutumia nguru. Aina iliyonivutia ni ile kubwa yenye yai zima ndani, ambayo wenyewe huiita nyambizi. Siri ya mlo huu lakini ni cuko, mchuzi mweusi wa sukari guru, siki au ukwaju, kitunguu saumu na pilipili, ambao huja kwenye kisahani kidogo. Mgeni huchovya kipande kwa woga, ilhali mwenyeji, akishamaliza kula, hukiinua kisahani na kukinywa chote. Nilijaribu, pilipili ikanipanda puani, wauzaji wakafurahi. Tempoyak, yaani durian lililochachushwa na kupikiwa samaki, sikuweza kufanya nalo urafiki, na sidhani kama ningekaa mwaka mzima ningeweza.

Kisiwa cha Kemaro, chenye hekalu la Kichina, mnara wa ghorofa tisa na hadithi ya wapenzi waliozama mtoni, hupendwa sana na wenyeji siku za mapumziko. Binafsi nilikiona ni cha kupita tu, na njiani kuna kiwanda cha mbolea ambacho pua hukitambua kabla ya macho. Vitambaa vya songket, vinavyofumwa kwa mkono kwa nyuzi za dhahabu, ni jambo jingine kabisa: mwenye uwezo anunue kwenye mtaa wa wafumaji wenyewe, na asilalamikie bei kabla hajamtazama mfumaji akikaa kutwa nzima kwa ajili ya upana wa vidole vichache.

Ziko kasoro ambazo ni haki kuzitaja. Joto lina unyevu kama letu la Machi, njia za waenda kwa miguu hukatika ghafla, na Kiingereza hakisikiki sana. Kubwa kuliko zote ni moshi. Katika miaka ya ukame, kuanzia Agosti hadi Oktoba hivi, mashamba na misitu ya ardhi ya mboji huwaka mikoani, moto hujificha chini ya udongo, na mji hufunikwa hata shule zikafungwa, kama ilivyotokea 2015 na 2019. Anayetaka kuona mashindano ya makasia ya mashua ndefu za bidar, yanayofanyika mwezi Agosti kuadhimisha uhuru, afuatilie kwanza habari za hali ya hewa. Miezi ya Mei na Juni ina salama zaidi, kwa kuwa mvua kubwa zimekwisha na moto haujaanza.

Kutoka hapa niliendelea kwa treni ya mchana kutoka kituo cha Kertapati, upande wa Ulu, hadi Tanjung Karang, kusini kabisa mwa kisiwa. Ni safari ya kutwa nzima, na njia hiyohiyo hutumiwa na treni ndefu za makaa ya mawe, kwa hiyo anayepanga kuunganisha na kivuko cha kwenda Java siku hiyohiyo ajiachie nafasi ya kutosha. Tiketi inunuliwe mapema, na pempek wa njiani wanunuliwe mjini, wafungwe bila cuko.