Picha 24 za himoglobini bila kugusa kipanya

Wiki iliyopita niliambiwa picha zangu zote ziwe na mandharinyuma nyeupe na ziongezwe ukubwa. Picha zenyewe ni 24: miundo sita ya protini za jamii ya himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kila mmoja kwa pembe nne. Nilifungua skripti moja, yaani faili ya amri za PyMOL, programu ya kuchora miundo ya protini, nikabadilisha mistari miwili, nikaandika `pymol -cq picha.pml`, nikatoka nje kunyoosha miguu. Niliporudi zote 24 zilikuwa zimejipanga kwenye folda, kila moja na jina lake. Sikuamini, nikazifungua moja moja hadi ya mwisho.

Naandika kwa furaha, ila na uchungu pia umo, kwa sababu karibu mwaka mzima ulinipotea kwa ushauri mmoja. Nilipoanza kutumia PyMOL, mwenzangu aliyenitangulia kwenye kazi hii aliniambia, "Mdogo wangu, hayo mambo ya skripti waachie watu wa kompyuta. Wewe shika kipanya, zungusha, piga picha, basi." Nilimwamini, maana picha zake zilikuwa nzuri kweli. Lakini ubaya wa kipanya hauonekani siku unayopiga picha. Unaonekana miezi minne baadaye, unapoombwa picha ileile na badiliko moja dogo. Mimi niliombwa kubadilisha rangi ya mnyororo mmoja tu kati ya minne ya himoglobini, nikakaa siku mbili nikihangaika kuirudia pembe ya zamani. Nikizungusha kidogo hemu, kile kipande chenye chuma, inajificha; nikirudisha, heliksi, sehemu ya protini iliyojisokota, inakaa mbele yake. Picha niliyotuma mwishowe haikufanana na ya kwanza, na msomaji makini angeona.

Kilichonitoa huko ni amri mbili ambazo hakuna aliyewahi kunitajia. Ya kwanza ni `log_open`. Ukiiandika na kuipa jina la faili, mengi unayoyafanya kwa kipanya PyMOL inayaandika humo kama amri. Nilibofya kama nilivyozoea, kisha nikafungua faili na kusoma: kumbe kitufe kile ni amri hii, na ile rangi ni mstari huu. Sijapata mwalimu mwingine aliyenifundisha haraka hivyo. Ya pili ni `get_view`, inayotoa namba 18 za kamera: imeelekea wapi, iko mbali kiasi gani, imekata mbele na nyuma wapi. Zinakili, zibandike kwenye skripti yako chini ya `set_view`, na pembe hiyo ni yako daima. Kwa miundo mingi, ilaze kwanza juu ya mmoja uliouchagua kuwa kiongozi, halafu namba zilezile zitaifaa yote. Mimi kiongozi wangu ni 4HHB (ndiyo namba yake kwenye PDB, hifadhi ya miundo ya protini), himoglobini ya binadamu isiyo na oksijeni, iliyopimwa kwa undani wa angstrom 1.74. Zinazofanana nayo sana nilizilaza kwa `align`. Mayoglobini, ndugu yake wa kwenye misuli, ilikataa, ikakaa upande, kwa kuwa mfuatano wa asidi amino zake, yaani vijenzi vya protini, uko mbali na wa himoglobini. Amri ya `super`, inayotazama umbo badala ya mfuatano, iliiweka sawa mara moja.

Kuhusu gharama, mimi sikulipa kitu. Ipo PyMOL ya kulipia inayosimamiwa na Schrödinger, na upo msimbo huria unaosakinishwa kupitia conda, programu ya kusakinisha programu nyingine. Mambo yote ninayoyaeleza hapa nimeyafanya kwa ule wa huria.

Nikaanza kuokota skripti za watu. PyMOLWiki, tovuti ya watumiaji wa PyMOL, ni hazina, nalisema hilo kwa moyo wote. Mtu usiyemjua amekaa usiku akatatua shida yako miaka kumi kabla hujaipata, akaiacha pale bure. Lakini nyingi ni za zamani, na ya kwanza niliyoichukua iligoma mstari wa nne. Niliifuta nikaipakua upya, mara tatu, nikidhani nimekosea kunakili. Kosa lilikuwa kwenye `print`. Iliandikwa enzi za Python 2, wakati `print` haikuhitaji mabano, na Python 2 iliachwa rasmi mwanzoni mwa 2020. Niliweka mabano ikasogea, ikagoma tena kwenye `has_key`, nikaibadilisha kuwa `in`, ikakimbia. Basi ukikuta skripti nzuri imekufa, usiitupe kabla hujaangalia mambo hayo mawili.

Kazi iliyonipa jasho ilikuwa kupaka rangi kulingana na data yangu. Nilikuwa na jedwali: kila asidi amino ya mnyororo wa beta, moja ya aina mbili za minyororo ya himoglobini, na alama yake kuanzia 0 hadi 9, kadiri isivyobadilika katika jamii nzima ya protini hizi. Ujanja unaojulikana ni kuziweka alama hizo kwenye safu ya B ya muundo, yenye namba moja kwa kila atomu, halafu `spectrum b, blue_white_red, minimum=0, maximum=9`. Usiache kutaja kiwango cha chini na cha juu. Usipovitaja, kila muundo unajitengenezea kipimo chake, na nyekundu ya picha hii haitakuwa nyekundu ya picha ile.

Niliandika skripti, nikaikimbiza. Protini yote ikatoka bluu, bila ujumbe wowote wa kosa. Nilikagua jedwali, nikakagua jina la mnyororo, nikalala nikaamka, bluu bado. Mwishowe nilichapisha kimoja kimoja kile skripti inachokisoma, nikaona alama za nukuu: '92'. Ndani ya `alter` na `iterate`, amri za kubadili na kusoma data za atomu, `resi`, yaani nafasi ya asidi amino, ni maandishi, si namba. Jedwali langu lilikuwa na 92 ya namba. Skripti ilitafuta '92', haikuiona, ikaweka 0 kama nilivyoiagiza iweke pasipo na alama. Nilibadilisha `resi` kuwa `resv`, ambayo ni namba kamili, na rangi zikajaa mara moja. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu chumbani.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipoisogelea hemu. Kwenye mnyororo wa beta, histidini ya 92 ndiyo iliyoshika chuma cha hemu, na katika jamii hii ndiyo ya mwisho kutarajiwa kubadilika. Ilipaswa kuwa nyekundu iliyokolea, nami nikaikuta imepauka. Nyekundu ilikuwa kwa jirani yake, sisteini ya 93, ambayo upande wa chuma haina kazi hiyo. Nilipotazama jirani wengine, kila alama ilikuwa imeruka hatua moja.

Chanzo ni hesabu. Jedwali langu lilitokana na mfuatano kamili wa jeni, unaoanza na methionini, asidi amino 147. Seli huikata methionini ile, na protini iliyokomaa ina 146, na muundo wa 4HHB unahesabu kuanzia valini inayofuata. Ndiyo maana badiliko la selimundu utalikuta limeandikwa Glu6Val (glutamati ya 6 kuwa valini) mahali pamoja na Glu7Val mahali pengine, na wote wako sahihi. Dawa ilikuwa kupunguza moja. Kinachonitisha mpaka leo ni kwamba picha ile potofu ilikuwa nzuri, na nisingeijua ile histidini ningeituma hivyo hivyo. Tangu hapo sipaki rangi kabla ya kuandika `iterate chain B and resi 92 and name CA, print(resi, resn, b)`. Nikiona HIS na alama ya 9, naendelea. Kwa protini yako tafuta asidi amino unayoijua kazi yake, uiweke kuwa shahidi. Na usidhani tofauti ni moja kila mara, maana protini zenye kipande cha mbele kinachokatwa huruka makumi.

Jingine nililojifunza kwa kushtuka ni 1HHO, himoglobini yenye oksijeni. Nilipoipakua nilikuta minyororo miwili badala ya minne, nikadhani faili imekatika. Faili ilikuwa nzima, ila inabeba nusu tu, na nusu nyingine hupatikana kwa kuizungusha kwa ulinganifu wa fuwele ya protini iliyotumika kupima muundo. Omba muundo wa kibiolojia uliokamilika.

Ile skripti ya zamani niliyoifufua nimeirudisha na mabano yake, pamoja na maelezo mafupi juu ya `resv`. Ukiomba msaada wewe, weka namba ya muundo, mistari michache inayotosha kuonyesha kosa, na ujumbe wa kosa mzima kama ulivyo. Nilipouliza "haifanyi kazi" tu nilikaa kimya kirefu bila jibu. Nilipouliza hivyo ninavyokuambia, jibu lilikuja siku hiyohiyo.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya 2HBS, himoglobini ya selimundu. Skripti inaitafuta valini ya 6, inachagua kila asidi amino ya molekuli jirani iliyo karibu nayo, inaionyesha kwa vijiti na kufifisha mengine yote. Pale kati unaiona valini imezama kwenye mfuko wa jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88, na hapo ndipo molekuli moja inaposhika nyingine. Kwa kipanya sikuwahi kuipata pembe inayoonyesha zote tatu kwa pamoja. Sasa imo kwenye faili, namba 18, mstari wa 61.