Picha ya Jiwe la Bismarck kuwa nyeusi na nyeupe: ilipofikia

Wadau, ile picha ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama ndani ya Ziwa Victoria hapo Mwanza, niliyopiga kwa simu juu ya feri ya Kamanga wakati narudi Mwanza kutoka Sengerema sasa imeanza kukaa sawa. Kukata nimeshakata, kona ya bati la feri imetoka, mstari wa maji nimeunyoosha maana feri ilikuwa inayumba na ziwa likiinama kidogo tu jicho linaona hapo hapo.

Kazi yenyewe ipo kwenye kuondoa rangi. Ukibonyeza tu ile ya kuondoa rangi, programu nyingi zinapima mwanga kwa kijani kama asilimia 59, nyekundu 30, bluu 11, karibu na jicho la mtu linavyoona. Kwa picha yangu hesabu hiyo hainifai kabisa, anga na jiwe vinatoka kijivu kile kile, jiwe linamezwa na anga, na Jiwe la Bismarck bila umbo lake limebaki nini sasa? Basi nikaingia GIMP, programu ya kuhariri picha, nikachanganya mwenyewe chaneli, yaani zile rangi tatu zinazounda picha, kwa asilimia: nyekundu 120, kijani 10, bluu hasi 30, jumla inabaki 100 ili mwanga wa jumla usiruke. Aisee! Anga imeingia giza, mawingu yamesimama, na jiwe kwa kuwa lina wekundu wekundu wa jua la jioni limewaka. Ndicho walichokuwa wanafanya wapiga picha wa filamu kwa kufunga kioo chekundu mbele ya lenzi. Mtumbwi wa bluu nao umekuwa mweusi tii na ule mstari wake mwekundu umetoka karibu mweupe, mi naupenda hivyo.

Ila bluu ndiyo chaneli yenye chenga nyingi, vile vidoto vidoto vya kuchafua picha, kwenye picha za simu, kwa hiyo ukiivuta hivyo anga inajaa chenga. Nimezilainisha angani peke yake, jiwe sijaligusa, ule ukwaruzo wake ndio utamu wote.

Sasa niko kwenye kuongeza na kupunguza mwanga kwa brashi, taratibu sana. Mzee mmoja aliyekuwa na studio enzi za kusafisha filamu kaniambia, "Mwanangu, usilipe jiwe lote mwanga, lipe bega." Na ni kweli. Natumia zoni, yaani ngazi za mwanga, za wapiga picha Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer, 0 nyeusi kabisa mpaka 10 nyeupe kabisa: bega naliweka 7, kivuli cha chini 3, hapo bado mikwaruzo inasomeka. Uso wa mvuvi wa kwenye ule mtumbwi umezama mno gizani, nitaupandisha kidogo, na pembeni ya jiwe kuna ukingo mweupe wa brashi lazima utoke.

Baada ya kukata zimebaki pikseli 3600 kwa 2500, kwa nukta 300 kwa inchi inatosha A4 bila kuivuta. Nitaprinti kwanza kipande cha bega na anga tu kwenye karatasi isiyong'aa, maana skrini inang'aa kuliko karatasi, na vivuli ndivyo vinavyoumia.