RAM ngapi? Uliza pia ni vipande vingapi

Kwenye maduka ya kompyuta Arusha mjini, mteja akishika laptopu swali huwa lilelile: "Ina RAM ngapi?" RAM ni kumbukumbu ya muda ambamo prosesa, ubongo wa kompyuta, huchukua data. Si swali baya, ila ni nusu ya swali.

Prosesa ya gigahazi 3 hupiga mpigo mmoja kila theluthi ya nanosekunde. Ikihitaji kitu kilichoko kwenye RAM, jibu huja baada ya nanosekunde 80 hadi 100. Hiyo ni mipigo 240 hadi 300 ya kukaa bure. Ndiyo sababu ya kuwepo kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, yenye ngazi tatu: L1, L2 na L3. L1 kwa kawaida ina kilobaiti 32 au 48 za data kwa kila kiini, hujibu kwa mipigo 4 au 5. L2 kumi na kitu. L3 arobaini na zaidi. Mbona wasiweke L1 ya megabaiti 16 tumalize? Kashe ikinenepa, nyaya zinarefuka na kutafuta kunachelewa.

Halafu prosesa haiendi RAM kwa baiti moja. Huvuta 64 kwa mkupuo. Nani atatoka Sakina mpaka soko la Kilombero afuate kitunguu kimoja?

Wanaoandika programu, tazameni hapa. Chukua jedwali la lugha ya C la 4096 kwa 4096, kila namba baiti 4. Ukilisoma mstari kwa mstari, safari moja inakupa namba 16. Ukishuka wima, kila hatua ni mruko wa baiti 16,384: unatumia namba moja, 15 zimebebwa bure. Ubaya zaidi, L1 ya kilobaiti 32 yenye njia 8 imegawanywa makundi 64, kila moja nafasi 8 za baiti 64, na miruko hiyo yote huangukia kundi lilelile. Kifodi kina viti vitupu, abiria wote wanagombea siti ya nyuma! Geuza mpangilio wa vitanzi (loops) ili usome mstari kwa mstari. Ikishindikana, fanya mstari uwe na namba 4112. Zile 16 za ziada husogeza kila mstari kwenye kundi la jirani.

Turudi dukani. Kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4-3200 hupitisha hadi gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili kwenye chaneli mbili, yaani njia mbili za kwenda kwenye prosesa, 51.2. Kwa hiyo vipande viwili vya gigabaiti 8 huishinda 16 ya kipande kimoja, hasa kama laptopu haina kadi ya picha ya pekee. Muda wa kungoja haupungui, barabara ndiyo inapanuka. Ukichanganya kasi mbili, vyote hufuata ya chini.

Hesabu pini kabla ya kulipa: DDR4 ya laptopu ina 260 na volti 1.2, DDR3L, aina ya zamani zaidi, ina 204 na volti 1.35. Pengo lililokatwa kwenye ukingo wenye pini haliko mahali pamoja, usilazimishe. Ukiwasha skrini ikabaki nyeusi, zima, chomoa betri, toa kipande, kirudishe kwa kukiinamisha, kisha kibonyeze mpaka klipu zote mbili zilie.