Lancaster PA474 kwa rangi ya silva: kumbukumbu ya mradi wangu

Machi

Kuunganisha vipande kumekwisha. Sasa inaanza kazi ninayoipenda zaidi, rangi na umaliziaji. Modeli ni Avro Lancaster, ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, seti ya plastiki ya HK Models, kipimo cha 1/32. Ndege halisi ina mabawa ya mita 31 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo hata ikipunguzwa mara 32 inabaki na sentimita 97. Meza ya kulia chakula imehamia kwenye kazi hii, na familia imekubali.

Lancaster nyingi zinazojengwa na wapenzi wa modeli ni za vita: kijani na kahawia juu, nyeusi chini na ubavuni. Mimi naijenga ndege moja mahususi, yenye namba PA474. Iliundwa Hawarden, karibu na Chester, Uingereza, mwaka 1945, ipelekwe vitani Mashariki ya Mbali, lakini vita vikaisha mapema. Ikageuzwa kuwa ndege ya kupiga picha, ikapewa Skwadroni ya 82 ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, ikaletwa Afrika. Mpaka 1952 skwadroni hiyo ilikuwa ikipiga picha za ardhi kutoka angani, na Eastleigh, hapa hapa Nairobi, ilikuwa moja ya vituo vyake. Directorate of Colonial Surveys, idara ya Uingereza ya kupima makoloni iliyoundwa 1946, ilichora ramani zake kwa kutumia picha za namna hiyo. Kila aliyefanya Jiografia ya sekondari Kenya amewahi kuinamia kipande cha ramani ya 1:50,000 kwenye mtihani, akihesabu miraba na kutafuta mwinuko. Asili ya ramani hizo ni kazi ya miaka ile.

Leo PA474 bado inaruka, Coningsby, Uingereza. Kati ya Lancaster 7,377 zilizoundwa, zinazoruka zimebaki mbili, hiyo na nyingine iliyoko Kanada. Wanaoitazama ikipita wanawakumbuka marubani wa vita, na ni haki yao. Lakini ndege hiyo haikudondosha bomu hata moja vitani. Ilichofanya ni kupiga picha Afrika, na sehemu hiyo ya maisha yake nataka ionekane juu ya meza yangu, ikiwa sahihi.

Aprili

Seti inakuja na minara ya bunduki puani, mgongoni na mkiani. Ndege za picha ziliondolewa minara yote na pua ikaundwa upya, kwa hiyo hapo maelekezo ya boksi hayasaidii. Nilichonga umbo la pua kwa sipresi, nikapasha shiti ya plastiki juu ya jiko mpaka ikalegea, nikaivuta juu ya mbao na kuishikilia hadi ikapoa. Mkia hivyo hivyo. Tundu la mgongoni limezibwa kwa plastiki bapa, likapigwa puti.

Kisha msasa. Msasa wa maji wa 600, 800, 1000, halafu 2000. Fundi mmoja wa kupaka magari kule Kirinyaga Road aliishika ile pua, akaizungusha kwenye mwanga wa mlango, akapitisha ukucha juu ya mshono. "Ndugu yangu, ukiona mkwaruzo kwenye praima usiseme rangi itaufunika. Silva haifuniki. Itakuonyesha mpaka usiouona." Akanionyesha namna ya kuloweka msasa kwenye maji yenye tone la sabuni ili usijae vumbi. Tangu hapo nafanya hivyo kila mara.

Mvua zilipokolea nilisimamisha upakaji. Laka ikipulizwa hewa ikiwa na unyevu mwingi huota ukungu mweupe, na kwenye bawa la ukubwa huu hakuna pa kuuficha. Nikautumia muda huo kuziba vioo. Chumba cha rubani cha Lancaster ni kama banda la kuoteshea miche, vioo vidogo vidogo na fremu kila upande, na kila kioo kinahitaji kipande chake cha tepu kilichokatwa kwa wembe mpya. Juu ya fremu nilianza na nyeusi, silva itakuja juu yake. Ukichungulia ndani kupitia kioo utaiona ile nyeusi, kama inavyotakiwa.

Juni

Sasa silva yenyewe, na hapa nina msimamo.

Wengi wakisikia ndege ya silva wanafikiria bati tupu: msingi mweusi unaong'aa, alumini juu yake, kisha kila bati lipewe mng'ao wake. Kwa ndege isiyopakwa rangi hiyo ni sawa kabisa. Lakini silva ya RAF baada ya vita ilikuwa rangi, imepulizwa juu ya bati kama rangi nyingine yoyote. Rangi haibadiliki kutoka bati hadi bati, wala haitoi mng'ao wa kioo. Inang'aa kwa upole, na jua linaifubaza.

Kwa hiyo niliacha msingi mweusi, nikatumia praima ya kijivu. Rangi ya magari nayo niliiacha, kwa sababu chembe zake za metali ni kubwa mno. Kwenye gari hazionekani, kwenye modeli zinameremeta hadi udogo wa ndege unapotea. Nilichukua alumini ya modeli yenye chembe laini, nikachanganya sehemu nne kwa moja ya kijivu cheupe. Kile kijivu ndicho kinachoua ubati. Shinikizo la kompresa psi 15, koti jembamba, likauke, jingine. Baridi ya Nairobi imeanza na kila koti linataka usiku mzima.

Bawa la kushoto lilipokauka nililitoa nje saa nne asubuhi, mawingu yalipoachia kidogo. Mwanga ulitandaa juu yake bila kukatika popote. Nimefurahi sana.

Julai

Alama za taifa. Zile za boksi ni za vita, rangi zake zimefifishwa makusudi. Mwaka 1947 RAF ilileta duara jipya lenye rangi kali, na vipenyo vyake viko kwa uwiano wa 1:2:3: jekundu moja, jeupe mbili, buluu tatu. Nimezipaka badala ya kubandika. Kwanza nyeupe duara zima, kwa sababu nyekundu ikilala juu ya silva moja kwa moja inakuwa nzito. Nikaziba pete ya kati kwa tepu iliyokatwa kwa bikari yenye wembe, nikapuliza nyekundu katikati na buluu pembeni, kila moja kwa zamu yake. Tepu ilipotoka kingo zilikuwa safi. Namba PA474 ni nyeusi, na ubavuni herufi M, ambayo ndege hii ilipewa katika Skwadroni ya 82.

Kwenye uchafu nimejizuia. Moshi wa injini nne za Merlin unapita juu ya bawa, na kwenye silva unaonekana wazi, basi huo nimeuweka: kijivu chenye ukahawia, rangi ya mafuta ya wachoraji, imevutwa kwa brashi kavu kuelekea nyuma. Vumbi liko kwenye magurudumu tu. Modeli yoyote ya Afrika watu huipaka udongo mwekundu kila mahali, ilhali upande ule wa Nairobi udongo ni mweusi, na ukikauka unakuwa kijivu. Nimetumia unga wa chaki ya kijivu, na wekundu kidogo sana wa murram.

Bado vanishi ya nusu mng'ao, waya za antena, na pangaboi nne nyeusi zenye ncha za njano. Tepu ya vioo itatoka mwisho wa yote.