Siku moja maishani mwangu: mchakato uliojisubiri wenyewe

Saa 2 asubuhi. Ujumbe wa zamu ya usiku unanisubiri: seva moja imeganda. Haikuanguka, iliganda, na kwetu hayo ni mambo mawili. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ikianguka huacha maiti ya kuchunguza. Ikiganda, mtu akiiwasha upya kwa pupa, ushahidi wote unapotea. Bahati nzuri mwenzangu wa zamu alitangulia kubonyeza SysRq na w, vitufe vya kuiomba kerneli ripoti ya dharura, Linux ikaorodhesha kila mchakato (programu inayoendeshwa) uliolala usingizi usioamshika.

Saa 2.30. Nasoma logi. Mstari wa kwanza ni ule wa siku zote: mchakato fulani umekwama kwa zaidi ya sekunde 120. Mgeni wa kazi hii humrukia huyo wa kwanza kutajwa, naye kwa kawaida ni mhanga tu. Mimi namtafuta aliyeshika kufuli, yaani ruhusa ya kugusa data fulani, ambayo hushikwa na mmoja kwa wakati. Michakato 37 iko foleni kwenye kufuli moja la draiva yetu ya hifadhi (programu inayoendesha kifaa cha kuhifadhia data), na hata kswapd, msafishaji wa kumbukumbu, amekwama humo humo.

Saa 4. Nimempata. Orodha ya miito husomwa toka chini kwenda juu. Chini kabisa, draiva yetu inashika kufuli la akiba yake, yaani data iliyoiweka karibu kwa matumizi ya haraka. Inaomba kumbukumbu kwa GFP_KERNEL, bendera ya ombi la kawaida linalokubali kusubiri. Kumbukumbu zimeisha, kwa hiyo kerneli inamtwika mwombaji mwenyewe kazi ya kuzikusanya: inaziita shrinka, yaani zile kazi ambazo kila mwenye akiba amejiandikisha nazo ili apunguze alichojilimbikizia. Moja ni yetu. Nayo, juu kabisa ya orodha, inaomba kufuli lile lile la akiba.

Mchakato unajisubiri wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tumezoea kueleza mkwamo kwa watu wawili, kila mmoja ameshika anachotaka mwenzake. Hapa mmoja ametosha. Na ndiyo maana hatukuuona mapema: kumbukumbu zikiwa tele, ombi hutimizwa papo hapo na shrinka haiitwi kabisa.

Saa 5. Linaloniuma sasa ni hili: lockdep, mkaguzi wa makufuli aliyemo ndani ya kerneli, ilikuwa wapi? Iliingia Linux mwaka 2006, toleo la 2.6.18, na haingoji mkwamo utokee. Huandika kufuli lipi lilishikwa kabla ya lipi, na hata usafishaji wa kumbukumbu huuhesabu kama kufuli bandia liitwalo fs_reclaim. Ingetosha ione mara moja draiva ikiomba kumbukumbu huku imeshika kufuli, na mara nyingine, wakati wowote kabla mashine haijazimwa, shrinka ikilishika kufuli hilo. Kwenye seva za kazi tumeizima kwa sababu inakula kasi. Kwenye mashine ya majaribio imewashwa.

Au ndivyo tulivyodhani. Sekunde ya 9 baada ya mashine kuwaka, logi ina onyo la draiva nyingine, lile ambalo sote tumezoea kulipita tukisema "hilo ni la kawaida". Lockdep ikishatoa ripoti moja hujizima mpaka mashine iwashwe tena. Miezi minne mlinzi amelala kuanzia sekunde ya 9, nasi tukauita ukimya wake ushindi. Nafunga kompyuta, natoka kupunga upepo.

Saa 8 mchana. Naiondoa draiva ile yenye kelele, nawasha mashine pepe ya QEMU yenye megabaiti 512 tu, naibana. Haijapita dakika, lockdep inachora mduara mzima: kufuli letu, fs_reclaim, kufuli letu tena.

Saa 9. Mwenzangu anapendekeza GFP_NOFS, bendera ya kuomba kumbukumbu bila usafishaji kugusa mifumo ya faili: neno moja tu na kazi imekwisha. Nakataa. Bendera hiyo haizuii shrinka kuitwa. Shrinka yenyewe ndiyo inayopaswa kuitazama, na yetu haiitazami. Kibaya zaidi, fs_reclaim isingehesabiwa kwenye ombi la namna hiyo. Lockdep ingenyamaza, mkwamo ungebaki. Njia ya pili, shrinka ijaribu kufuli na ikilikosa iondoke, ni halali na wengi huitumia, ila akiba yetu ina msongamano: ingeondoka mikono mitupu saa ile ile kumbukumbu zinapotafutwa kwa udi na uvumba.

Nachagua kuomba kumbukumbu kabla ya kushika kufuli. Nikishalishika, natazama kama kuna aliyenitangulia kuweka kitu kile. Kama yupo, naachia kufuli na kukirudisha changu. Mistari 11.

Saa 12 jioni. Majaribio yamezunguka saa mbili, lockdep kimya. Siuamini tena ukimya wake, kwa hiyo nafungua /proc/lockdep_stats na kushuka hadi debug_locks. Inasema 1. Iko macho. Natuma kiraka, kisha namwandikia mwenye draiva ile nyingine kuhusu onyo lake la sekunde ya 9.