Nahodha Alikuja Kuona

Jana usiku umeme ulipokatika, binti yangu alizigawa karata kando ya taa ya chemli, akaziangalia zake mara mbili, kisha akaniuliza: "Baba, nikiwa sina kitu mkononi, nikutishe?" Sikumjibu upesi. Swali lake lilinirudisha barazani kwa marehemu nahodha, hapa hapa Malindi, kusi ya mwaka 2014, bahari ilipochafuka na vyombo vikavutwa pwani, nasi watano tukawa tunacheza poka kwa vifuniko vya soda, kila kifuniko shilingi 10.

Nilikuwa na ree na malkia, zote mbili za shupaza. Zilipofunuliwa karata tatu za kwanza kati ya tano za mezani, ambazo ni za wote, mbili zilikuwa shupaza, nami nilijua kwamba kati ya karata 47 nisizoziona, 9 zingenikamilishia rangi (karata tano za shupaza), yaani nafasi ya takriban asilimia 35 kwa karata mbili zilizobaki. Niliweka dau, wengine wakatupa karata zao, nahodha akafuata. Karata ya nne ikaja, nikaweka tena, akafuata tena. Ya tano ilikuwa tisa ya uru, na sikuwa na kitu.

Katikati palikuwa na vifuniko 60. Nilisukuma 30 kumtisha atupe karata zake. Kwa dau la nusu ya fungu, ingetosha nahodha akimbie mara moja katika kila mara tatu nami nisipate hasara, na hesabu hiyo naiamini hadi leo.

Nahodha hakuharakisha. Alizifunika karata zake mbili kwa kiganja, kile chenye makovu ya mshipi yaliyokatiza vidole vyote vinne, akanitazama usoni kwa utulivu wa mtu anayesubiri maji yajae. Upepo uliinua pembe ya mkeka. Akaikanyaga kwa mguu bila kuondoa macho kwangu. Kisha akaanza kuhesabu vifuniko viwili viwili, kama ahesabuye nazi, akavisogeza vyote 30 katikati.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuja kutupa karata. Nimekuja kuona."

Akafunua jozi ya saba, jozi dhaifu ambayo mchezaji mwoga angeitupa tangu karata ya nne. Vitisho huishi kwa hofu ya mwingine, na kwa shilingi 300 nahodha hakuwa na hofu yoyote.

Baadaye usiku ule nilishika ree na kumi, na zote mbili zikapata wenzake mezani. Zamani ningeweka dau dogo nisimfukuze. Safari hii fungu lilikuwa na vifuniko 50, nami nikasukuma 40. Alivihesabu vyake vile vile, viwili viwili, akafuata akiwa na ree na sita. Nilipofunua zangu alitabasamu kwa furaha ya kweli. "Haya, sasa nimeona," akasema, akaagiza kahawa.

Nilikuwa nimecheza sawasawa. Hata hivyo nilikwenda nyumbani na shilingi zake mfukoni nikiwa mzito moyoni, kwa kuwa nilikuwa nimeujua udadisi wake na kuupangia bei, na uzito huo haujanitoka.

Nilimwambia binti yangu asinitishe, maana mimi pia nitataka kuona. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasukuma njugu zake zote katikati.