Kabla hujapiga simu ya ushauri wa afya
Anayepokea simu hamwoni mgonjwa. Haoni midomo iliyobadilika rangi wala kifua kinavyobonyea. Ana majibu yako tu, na mara nyingi anafuata maswali yaliyopangwa kwenye kompyuta. Ukijibu kwa kubahatisha, ataegemea upande wa tahadhari: "Nenda idara ya dharura." Ndivyo watu ambao kliniki ingewatosha wanavyoishia kwenye foleni ya kule. Inaumiza, jamani.

Piga ukiwa kando ya mgonjwa. Mtoto akikohoa, subiri atulie, mfunue kifua, hesabu pumzi dakika 1 nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4 unaweza kukosea, maana pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja. Kwa wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Taja namba hiyo mapema. Shika na pakiti ya dawa, usome jina na miligramu.

Uso umepinda upande mmoja, kifua kinabana, degedege limepita dakika 5? Hapo usiombe ushauri, ita ambulensi.